Lete kandarasi kabla ya kuleta paspoti iombewe

Neno la leo liko Nehemia sura ya 2, na ninaliandika kwa ajili yako wewe ambaye una paspoti ndani ya sanduku na namba ya ajenti kwenye simu.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme kule Shushani. Habari mbaya za Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu, akalia, akafunga, akaomba mpaka mwezi wa Nisani. Ni kama miezi minne. Sisi watu wa maombi tunaipenda sana hiyo sura ya kwanza, tumeihubiri mikesha mingi. Lakini ukifungua sura ya pili utaona mfalme anamwuliza maswali ya ubalozi kabisa: safari itachukua muda gani, na utarudi lini? Nehemia anampa muda. Halafu anaomba barua. Barua za maliwali wa ng'ambo ya Mto wamruhusu kupita, na barua nyingine ya Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ampe miti ya malango.

Angalia hapo. Mtu aliyefunga na kuomba miezi minne hakusema, "Nina kibali cha mbinguni, barua ni za nini?" Alijua jina la afisa. Alijua anaenda kufanya kazi gani na vifaa vitatoka wapi.

Viza ya kazi ya ujuzi ni hicho hicho. Mwajiri mwenye jina, kazi yenye jina, mshahara, muda, na serikali ambayo imekubali. Kikikosekana kimoja, hiyo si viza bado. Ni maneno.

Nimelazimika kuandika kwa sababu mwezi huu nimeletewa paspoti tano niziwekee mikono, na katika hizo tano ni moja tu iliyokuwa na kandarasi nyuma yake. Na kuna shamba hapa Katangi linatafutiwa mnunuzi wiki hii.

Mama mwenye shamba ameniruhusu nieleze bila kumtaja. Ni mjane. Binti yake alisomea uuguzi KMTC, akasajiliwa na Baraza la Wauguzi, na sasa ni mwaka wa tatu anafanya vibarua vya kliniki, leo anaitwa, kesho haitwi. Ajenti alimpata Facebook. Akamwambia kuna kazi ya kutunza wazee Uingereza, sponsa iko tayari, kinachohitajika ni shilingi 450,000 na nusu iingie kabla ya Ijumaa. Ekari mbili za mama, hizo anazopanda ndengu na mbaazi, ndizo zimewekewa bei.

Nilimwambia binti aniletee hiyo barua niisome. Ilikuwa na bendera ya Uingereza na muhuri mwekundu mzuri sana. Haikuwa na jina la mwajiri. Haikuwa na mshahara. Niliisoma mara mbili nikidhani nimeruka ukurasa.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hii inawahusu wengi wenu. Uingereza ilifunga mlango wa kuajiri watunza wazee wapya kutoka nje ya nchi tarehe 22 Julai 2025. Ulikuwa wazi, na Wakenya wengi waliupitia, lakini umefungwa. Ajenti anayekuuzia nafasi hiyo leo, ukiwa umekaa hapa Yatta, anakuuzia lango lenye kufuli. Siku hiyo hiyo walipandisha pia kiwango cha kazi zingine: viza ya ujuzi kwa sehemu kubwa sasa inataka kazi ya kiwango cha digrii, na mshahara wa kawaida unaotakiwa ni pauni 41,700 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 7. Kuna kazi chache zenye masharti yake, lakini yule anayekuambia "kazi yoyote ya mikono, hata kufagia" hajui au anajua sana.

Na hiyo sponsa inafanya kazi hivi. Mwajiri lazima awe na leseni ya serikali ya Uingereza ya kuleta wafanyakazi. Majina ya wenye leseni yako kwenye tovuti ya serikali yao, mtu yeyote anayasoma bure, hata wewe na bando lako la shilingi ishirini. Mwajiri akishakukubali ndipo anakutolea cheti cha udhamini, ambacho si karatasi ya kupiga picha na kutumiwa WhatsApp. Ni rekodi ya kompyuta yenye namba, na ndani yake kuna jina lako, kazi yako na mshahara wako. Gharama ya kutoa cheti hicho ni ya mwajiri, na sheria yao sasa inamkataza kumrudishia mfanyakazi mzigo huo. Kwa hiyo ukiambiwa "lipa laki nne ya sponsa", umeshajua unaongea na nani.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Binti ni nesi! Mlango wa manesi haujafungwa. Alikuwa anauziwa mlango wa pembeni uliokufa na huku wa mbele uko wazi, ila ni mgumu. Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wahudumu wa afya Julai 2021. Nesi wa Kenya anaomba kwa baraza lao la wauguzi na wakunga, linaitwa NMC. Vyeti vyake vinakaguliwa, anafanya mtihani wa kompyuta hapa kabla ya kusafiri, na mtihani wa vitendo anaufanyia huko. Kabla hajasajiliwa lazima athibitishe Kiingereza. Kwa mtihani wa IELTS wanataka alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuongea, na 6.5 katika kuandika.

Usidharau hiyo ya Kiingereza kwa sababu ulisoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mwaka huo wa 2021, aliyekuwa Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani, waliofaulu ni 10. Kumi! Walikuwa manesi wazuri, wanaojua kazi. Kwa hiyo kama mama ana pesa kidogo ya kutumia, ada ya mtihani na miezi mitatu ya kujiandaa inamsaidia binti kuliko ajenti. Na hakuna shamba linalouzwa kwa ajili ya hiyo.

Kuna jambo la nyumbani niliseme haraka. Waliokwenda kama watunza wazee baada ya tarehe 11 Machi 2024 hawakuruhusiwa kubeba mume, mke wala watoto. Nesi bado anaruhusiwa. Ukiwa umeoa, hilo ni swali la kuuliza siku ya kwanza, kabla ya nauli. Nimekaa na wanandoa walioligundua wakiwa tayari wameshalipa, na kikao hicho sikitamani tena.

Twende Ujerumani, maana huko ndiko kelele ziko.

Tarehe 13 Septemba 2024, Rais Ruto na Kansela Scholz walikuwa Berlin wakati nchi hizi mbili zilipotia saini mkataba wa uhamiaji na ajira. Kabla jua halijazama simu yangu ilikuwa imejaa: Ujerumani inachukua Wakenya 250,000. Iliandikwa hata na vyombo vikubwa vya habari. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikajitokeza ikasema habari hiyo si ya kweli, mkataba hauna idadi yoyote, na kila anayeomba lazima atimize masharti ya sheria yao ya wafanyakazi wenye ujuzi. Kanusho hilo halikusambaa kwenye magrupu yetu hata robo ya ile habari ya kwanza. Mpaka leo kuna mtu anakusanya "ada ya usajili" kwa jina la hizo nafasi 250,000.

Mkataba wenyewe ni kitu cha kweli, na nafasi zipo. Lakini njia zake ni hizi. Ukiwa na ujuzi uliosomea, nesi, fundi wa umeme, mtu wa kompyuta, vyeti vyako vinalinganishwa na vya kwao, unapata kandarasi, unaomba viza. Nesi ataulizwa Kijerumani cha juu, kwa kawaida B2 ndipo asajiliwe kikamilifu. Kama wewe ni kijana wa kidato cha nne bila kozi, kuna mafunzo ya kazi wanayoyaita Ausbildung, unasoma na kufanya kazi pamoja, mwajiri anakulipa kila mwezi. Ya uuguzi ni miaka mitatu, na kwa kawaida lazima uwe na Kijerumani cha B1 na kandarasi ya mafunzo kabla ya kupanda ndege. Hii ndiyo ninawaambia vijana wetu waitazame kwa makini. Inakula muda, mwaka mzima wa kukariri maneno marefu kama reli, lakini kinachotumika ni kichwa chako.

Halafu kuna Kadi ya Fursa, ilianza Juni 2024. Maajenti wanaipenda sana kwa sababu wanaweza kusema kweli kwamba haihitaji kazi. Unaenda kutafuta kazi ukiwa huko. Wasichokuambia ni kwamba lazima uwe na digrii au kozi ya angalau miaka miwili inayotambuliwa, ufikishe pointi sita, na uonyeshe pesa za kujikimu. Kwa mwaka 2025 ilikuwa yuro 1,091 kwa kila mwezi. Kwa mwaka mmoja ni zaidi ya yuro 13,000, yaani karibu shilingi milioni 2. Mwenye milioni 2 hapa Katangi anyooshe mkono, tuna paa la kumalizia.

Upande wa nyumbani, ajenti wa kazi za nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uajiri, NEA. Orodha yao iko wazi kwenye mtandao. Angalia jina la kampuni na kama leseni haijaisha, kwa sababu wengine huonyesha leseni ya mwaka juzi. Kusajiliwa pekee hakumfanyi mtu kuwa malaika, lakini asiyesajiliwa usimpe hata nakala ya kitambulisho chako.

Sasa nigeukie watumishi wenzangu. Kuna madhabahu ambazo mtu anaambiwa apande mbegu kulingana na nchi anayoitaka, Kanada bei yake, Amerika bei yake, halafu paspoti inapakwa mafuta. Ndugu, ubalozi hausomi mafuta. Yoshua sura ya 9, Wagibeoni walikuja na mikate ya ukungu na viatu vilivyoraruka, wakasema wametoka mbali, wazee wakaamini kwa kuangalia tu na agano likafungwa bila kuulizia. Ilikuwa siku tatu tu ukweli ukajulikana, kwamba ni majirani. Mchungaji anayebariki barua ambayo hajaisoma anawaweka watu wake mahali hapo hapo.

Na wewe usinielewe vibaya, sikuzuii kwenda. Wale wanaosema kuondoka ni kukosa imani hawajawahi kulipa karo kwa ndengu za msimu ambao mvua ilikataa. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na sehemu ya hizo ilipita hapa kwetu. Nimeiona kwenye tangi za maji, kwenye bili za hospitali, hata kwenye viti vya kanisa hili. Wengine waliozituma niliwaombea mimi mwenyewe wakiondoka, na kandarasi zao nilizisoma.

Mama amekubali kungoja. Ijumaa itapita bila kutuma kitu, na ajenti ameanza kupiga simu usiku, akisema nafasi inapewa mtu wa Matuu. Apewe. Binti ameanza kukusanya vyeti vyake vya NMC.

Jumapili baada ya ibada ya pili nitakuwa kwenye chumba cha shule ya Jumapili pamoja na dada mmoja wa kwaya anayejua mambo ya mtandao. Njoo na kandarasi, jina kamili la ajenti na simu yenye bando, tutafute majina hayo pamoja ukiona kwa macho yako. Kama huna kandarasi, njoo na vyeti vya shule tuone ni mlango gani unakufaa. Paspoti iache nyumbani kwanza.