Samaki Apendaye Baridi

Ukisimama hapa Mombo saa nane mchana, jasho likikutiririka, ni vigumu kusadiki kwamba huko juu, upande wa Lushoto, zamani za Waingereza vijito vilitiwa samaki wa nchi za baridi.

Samaki huyo ni trauti. Kwao ni Ulaya na Marekani ya Kaskazini, naye ni ndugu yake samoni. Samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mto ule ule kutaga. Trauti wengine nao hushuka baharini. Ndiyo maana katika jimbo la Washington, Marekani, watu husimama ufukweni, maji ya chumvi yakiwafika magotini, wakivua kwa ufito. Chambo chao ni manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana yafanane na mdudu au kisamaki. Kwa kuwa ni chepesi, mshipi hufanywa mzito, nao ndio unaokirusha mbali.

Kenya walifika mwaka 1905 kwa juhudi za Ewart Grogan, wakatiwa mto Gura.

Labda utauliza: maji ya Soni hushuka Mombo, huingia Mkomazi, kisha Pangani, hata baharini. Mbona trauti hawavuliwi pwani ya Pangani? Jibu ni joto. Maji ya moto hushika hewa kidogo, na trauti ataka hewa nyingi. Yakipita nyuzi 20 hutaabika. Yakikaribia 25 aweza kufa.

Sasa sikiliza. Kijito hupoa kwa kivuli cha miti. Ikikatwa, jua hupiga maji, na mvua huleta tope likafunika changarawe anamotaga. Samaki huumia kwanza. Wa pili ni sisi wa bondeni. Mpunga wetu wa Mombo hunywa maji ya mlima ule ule. Katika kazi yangu ya ukarani wa parokia nimeona ndugu wawili, waliozoea kukaa benchi moja kanisani, wakinyimana salamu kwa ajili ya zamu ya mfereji.

Basi, wewe mwenye shamba kando ya kijito, acha miti isimame. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Huenda usimle trauti maishani mwako. Lakini maji yanayomfaa yeye ndiyo yatakayowashibisha watoto wetu wali.