Kabla Utafute Fayawoli Mpya, Angalia Kama Ile Uko Nayo Imewashwa

Wasee, kila wiki lazima kuna mtu ananiuliza kwa inboksi: "Bro, ni fayawoli gani kali naweza weka kwa laptopu yangu?" Wengi ni vijana kama mimi, wa Wote, Kibwezi, Mwingi, Kitui mjini. Laptopu ni moja, bando ni la kuhesabu, na kazi zote ziko humo ndani. Wanataka niwape jina moja, wadaunilodi, walale. Leo nitajibu, lakini kwanza niwaambie vile mimi nilijifunza, maana somo langu sikulilipia pesa. Nililipa aibu.

Kwetu ni Kitui, upande wa Mutomo, ila siku hizi napanga chumba hapa Wote, Makueni. Mwaitu bado yuko nyumbani, na yeye ndiye mweka hazina wa chama cha kina mama wanaosuka vyondo. Rekodi zao zilikuwa kwa kauntabuku mpaka mchwa wakaingia kwa sanduku wakala kurasa za mwaka mzima. Nikajitolea mimi mwenyewe: "Mwaitu, nipe hiyo kazi, nitaiweka kwa kompyuta." Kwa hivyo kwa laptopu yangu kukawa na faili moja yenye majina ya kina mama 22, nambari za vitambulisho, nambari za simu, nani amelipa, nani ana deni, na deni ni la pesa ngapi.

Laptopu yenyewe nilinunua mtumba. Jamaa aliyeniuzia aliniwekea Windows na programu ya kuhariri video ambayo hakuna mtu aliilipia, kisha akaniambia kwa roho safi, "Nimekuzimia fayawoli na antivairasi, zilikuwa zinasumbua wakati wa kuinstoli." Na mimi nikamshukuru! Nikaona kama nimeongezewa kitu, kumbe nimepunguziwa.

Sasa siku moja niko mahali penye waifai ya bure, napandisha video. Kijana wa meza ya pili, hatujuani, akanigeuzia skrini yake. "Boss, hii folda ni yako?" Nikaangalia. Faili ya chama, imefunguka kwa laptopu yake. Hakuwa amehaki chochote. Alibonyeza tu pale pa mtandao, akaona kompyuta yangu imejitokeza, akafungua folda ambayo miezi mitatu nyuma nilikuwa nimeishea na rafiki ili tupitishiane video. Nilikuwa nimeondoa hata ile sehemu ya kuuliza nenosiri, ndio kazi iende haraka. Nikasahau kuirudisha. Kisha yule kijana akasema kitu kilichonimaliza nguvu: "Huyu wa mstari wa saba ni shangazi yangu, ameolewa huko kwenu. Sikujua ana deni."

Usiku huo sikulala. Nikanunua bando, nikatafuta fayawoli bora duniani, nikainstoli mbili kwa mpigo. Nilidhani mbili ni usalama mara mbili. Zikaanza kugombana, intaneti ikakatika. Nikatoa moja. Ile iliyobaki ikaanza kuniuliza maswali kila dakika: svchost.exe inataka kutoka nje, niruhusu au nikatae? Mimi nitajua wapi svchost ni nani? Kwanza nikakataa kila kitu, hata kurasa za kawaida hazifunguki. Halafu nikachoka, nikawa naruhusu kila kitu bila kusoma. Hapo nikajiuliza, sasa hii kitu inanilinda na nini, kama jibu langu kwa kila mgeni ni "karibu"?

Ndipo nikatulia nikasoma. Na nilichopata kilinichekesha kwa uchungu: fayawoli nzuri nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Iko ndani ya Windows, na ni ya bure. Zamani, enzi za Windows XP, ilikuwepo lakini ilikuja ikiwa imezimwa. Agosti 2003 mnyoo ulioitwa Blaster ukasambaa ulimwenguni kwa kuingia kwenye kompyuta zilizounganishwa tu na intaneti, mwenyewe hajabonyeza lolote. Mwaka uliofuata, 2004, Microsoft wakatoa sasisho kubwa la XP, na fayawoli ikaanza kuja ikiwa imewashwa. Mpaka leo inakuja imewashwa. Ukikuta imezimwa, jua kuna mkono uliizima.

Kazi yake ni rahisi kueleza kwa mtu wa ukambani. Kiangazi kikikaza, watu huchimba kisima kwenye mchanga wa mto uliokauka, halafu wanakizungushia matawi ya miiba. Ng'ombe na mbuzi hawaingii ovyo. Anayetaka maji anapitia mahali pamoja, na akitoka anarudisha tawi. Fayawoli ni hiyo miiba. Anayebisha kutoka nje bila kuitwa, anazuiwa. Wewe ukitoka kwenda kutafuta kitu, unaruhusiwa, na jibu lako linaruhusiwa kurudi.

Na Windows inakuuliza kitu kimoja ambacho wengi tunabonyeza bila kusoma: huu mtandao ni wa nyumbani au ni wa umma? Ukisema wa umma, kompyuta yako inajificha kwa wengine walio kwa waifai hiyo, na folda ulizoshea hazifikiwi. Ukisema wa nyumbani, unawaambia wote mliomo kuwa mnaaminiana. Mimi nilikuwa nimezimiwa miiba, na hata ingekuwepo, waifai ya watu hamsini nilikuwa nimeiita ya nyumbani.

Kwa hivyo wewe uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Kama laptopu ni moja, ni yako, na unatumia hotspoti ya simu na waifai za mjini, baki na fayawoli ya Windows. Fungua Windows Security, hakikisha imewashwa kwa aina zote za mitandao. Kila waifai ambayo si ya kwako, iweke ya umma. Hata ya hosteli. Hata ya kwa rafiki. Kisha pitia folda ulizowahi kushea, uzifunge. Dakika kumi zinatosha, na huhitaji hata bando.

Najua kuna wale wataniambia, "Lakini hiyo ya Windows haizuii vitu kutoka." Ni kweli. Kwa kawaida inazuia wanaoingia, lakini programu zilizo ndani inaziachia zitoke zitakavyo. Na kwetu hilo si jambo dogo, kwa sababu kinachotoka na kurudi kinakula bando. Umenunua bando asubuhi, saa nne limeisha, na hujafungua hata video moja. Kama shida yako ni hiyo, kwanza iambie Windows kwamba hotspoti yako ni intaneti ya kupimiwa. Swichi iko palepale kwa mipangilio ya waifai, na masasisho mengi makubwa yatasubiri.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, chagua kitu kimoja. GlassWire itakuchorea ni programu gani inatumia data na kiasi gani. TinyWall ni nyepesi, haina mambo ya kukupigia kelele kila dakika. Inatumia mitambo ileile ya Windows, inazuia kila programu mpaka wewe uiruhusu. Siku za kwanza itakuudhi, kwa sababu hata kivinjari lazima ukiruhusu wewe. Ukifikiria zile za kitambo kama ZoneAlarm na Comodo, jiulize: zikikuuliza swali, utajua jibu? Kama hujui, hujanunua ulinzi. Umejinunulia kazi. Na usiweke mbili. Mimi nimeshakujaribia.

Sasa ukweli ambao hamtaupenda. Hakuna fayawoli itakayokusaidia dhidi ya ile programu ya bure uliyoletewa kwa fleshi, ambayo maagizo yake ya kwanza yanasema "zima ulinzi kwanza." Hebu fikiria fundi anakuja kwako, na kabla aingie anakuambia ufunge mbwa, uzime taa na ugeukie ukuta. Ungemfungulia? Hiyo tunaiita ujanja, lakini mjanja hapo si wewe.

Na haikusaidii kama Windows yenyewe ni nzee. Mei 2017 WannaCry ilifunga faili za watu duniani kote na kuwadai pesa, ikipita kwenye mlango uleule wa kushea faili. Dawa ya kuziba huo mlango Microsoft walikuwa wameitoa tangu Machi. Waliolia ni wale ambao hawakuwa wamesasisha. Laptopu nyingi za mtumba hapa kwetu bado ziko Windows 10, na muda wake wa masasisho ya kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiwa na pesa kidogo ya usalama, usiipeleke kwa fayawoli ya kulipia. Ipeleke huko, uwe na Windows halali inayopata masasisho.

Nimalizie ya nyumbani. Nilipanda gari nikaenda Mutomo, maana jambo kama hilo huwezi kumwambia mzazi kwa simu. Nikamweleza Mwaitu yote, pamoja na ile ya shangazi wa yule kijana. Nikajaribu kumfafanulia kwa mfano wa kisima na miiba. Akanyamaza, mikono inaendelea kusuka. Kisha akauliza, "Hiyo miiba ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, Mwaitu."

"Na nani aliitoa?"

Nikataka kusema ni yule jamaa wa laptopu. Haikutoka. Yeye aliizima mara moja. Mimi nimekaa nayo imezimwa mwaka mzima, na niliambiwa.

Jumamosi hiyo nilisimama mbele ya kina mama nikaomba msamaha. Yule wa mstari wa saba hakusema kitu, alinitazama tu, na mpaka leo nikimsalimia najisikia mdogo. Kazi hawakuninyang'anya, ila waliweka masharti: faili iwe na nenosiri, nakala moja ikae kwa fleshi ndani ya sanduku la chama, na kauntabuku irudi. Mimi nilidhani nawatoa kwa ushamba. Wao ndio walinifundisha usalama.

Kwa hivyo kabla uniulize tena fayawoli gani, fungua laptopu yako sasa hivi, uangalie kama hiyo uko nayo imewashwa. Ukiikuta imezimwa, usiniulize mimi ni nani aliizima.