Kilomita 38 za vumbi (Sehemu ya 6)

Leo naandika nikiwa nimekalia mto, na kesho naingia zamu ya asubuhi, sijui nitatembeaje wodini. Jana nilipanda baiskeli ya hisani. Siyo ya lami, jamani. Vumbi, changarawe na mchanga, kutoka Ihumwa kuelekea Hombolo kwa njia za ndani za vijijini, kilomita 38.

Zile kubwa mnazijua. CRDB Marathon kule Dar ina baiskeli kilomita 65, na fedha zake zimewasaidia watoto wenye matatizo ya moyo pale JKCI. Hapa kwetu NBC Dodoma Marathon imechangia vita ya saratani ya mlango wa kizazi. Yetu ilikuwa ndogo, haina hata fulana. Watu kama thelathini, manesi, walimu na vijana wa mtaani, kila mmoja na mchango wake, tununue vifaa vya kujifungulia kwa zahanati moja: glavu, pamba, mpira wa kutandika, vibanio vya kitovu. Mama mkwe wangu aliponiona nimevaa kofia ngumu akauliza, "Na watoto umewaachia nani?" Nikamwambia, baba yao yupo. Akanyamaza, ila kunyamaza kwa mama mkwe unakujua.

Asubuhi baridi ilikuwa kali na upepo wa Dodoma unatupiga usoni. Bibi mmoja wa Kigogo akatupungia mkono, "Mbukwenyi!", akacheka mpaka akajishika kiuno. Miba ya migunga ikanipa pancha kabla hata sijafika nusu. Lakini kilichonimaliza ni korongo. Ukiingia kwenye mchanga ule, pedali hazisaidii kitu. Unashuka, unasukuma, tairi linazama, unasukuma tena.

Hapo ndipo nikamkumbuka mama mmoja. Naomba niwaambie, ingawa sijivunii.

Ilikuwa miaka kadhaa nyuma, msimu wa mvua, usiku. Aliletwa akiwa amechoka kabisa, uchungu ulianza tangu alfajiri. Mume alimbeba kwenye keria ya baiskeli mpaka barabara kubwa, ndipo wakapata bodaboda. Mimi nilikuwa zamu ya pili mfululizo, nimechoka, nikamfokea: "Mama, mbona umechelewa hivi? Ulikuwa unasubiri nini?" Akanijibu taratibu, "Korongo lilikuwa limejaa, dada nesi." Sikumjibu. Nikaandika kwenye faili: amechelewa kufika. Yeye tulimuokoa. Mtoto hakulia.

Sasa jana, nikiwa nimesimama na baiskeli yangu katikati ya mchanga mkavu, kulikuwa na dada anachota maji kwenye shimo alilochimba humo humo korongoni, mtoto mgongoni. Nikamuuliza, mvua zikianza mnavukaje? Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Hatuvuki. Tunasubiri."

Nilisukuma ile baiskeli hadi ng'ambo bila kuongea na mtu. Mimi mzima, sina mimba, mchana kweupe, korongo kavu, na nilikuwa nahema kama nafukuzwa. Keria yenyewe nimejaribu kuikalia baadaye, mita kama mia mbili tu, kijana ananiendesha. Chuma kinaingia mifupani kila jiwe. Siwezi kufikiria kukaa pale na uchungu.

Basi wewe unayesoma, kama wewe au mdogo wako ana mimba na anaishi kijijini kwenye makorongo, hesabuni miezi sasa hivi. Kama tarehe inaangukia kati ya Desemba na Aprili, ongeeni kliniki mapema kuhusu chigonela, ile nyumba ya kusubiria karibu na hospitali. Anahamia wiki mbili tatu kabla. Najua ugumu wake: nani atabaki na watoto, nani atamletea unga. Ndiyo maana nasema mapema, muongee na baba, na bibi, na jirani.

Pia hifadhi namba 115 kwenye simu yako na ya mume wako. Ni ya m-mama, kupiga ni bure. Ni kwa mjamzito mwenye dharura, aliyejifungua ndani ya siku 42, na kichanga hadi siku 28. Pasipo na gari la wagonjwa wanatuma dereva wa jamii, na nauli hulipi wewe. Ukiona damu, kichwa kinauma sana na macho yana ukungu, degedege, homa kali, chupa imepasuka, au mtoto amepunguza kucheza, usingoje kukuche. Lakini gari nalo halivuki korongo lililojaa. Kwa hiyo chigonela kwanza.

Tulifika Hombolo saa saba mchana, mimi wa tatu kutoka mwisho. Nesi wa zahanati alipokea maboksi, akayahesabu mara mbili, akaomba tumsaidie kuyaingiza ndani. Nilirudi nyumbani mwekundu kwa vumbi hadi mwanangu mdogo akanikimbia. Mama mkwe alikuwa amenichemshia maji ya kuoga. Hakusema neno, ila yalikuwa na chumvi, ya kukandia miguu.

Sehemu ya 7 ni begi la kujifungulia, nini uweke na nini uache. Nikiweza kukaa vizuri, Jumatano.