Kutoka mwembe hadi mwembe

Wadau, nimepotea kidogo, mnisamehe. Kazi za gazeti mnazijua wenyewe.

Nilikuwa Tabora kuandika makala ya njia ya zamani ya misafara, ile ya wapagazi wa Kinyamwezi kati ya Ujiji na Bagamoyo. Jamaa niliyesoma naye sekondari akanisindikiza Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Jamaa ana ualbino. Alivaa kofia pana na shati la mikono mirefu, na kila tulipofika kwenye mwembe, alisimama. Mara ya nne nikamtania: "Kaka, wenzio walipita hapa na pembe za ndovu begani!"

Akacheka kidogo, akavua kofia, akanionyesha kovu sikioni. Palikatwa saratani. Nikanyamaza.

Usiku, gesti, nikakaa kusoma. Kumbe mwanga wa urujuanimno ukiipiga DNA, zile besi zake husisimka, lakini mara nyingi huitema nishati hiyo kama joto ndani ya muda usiozidi sehemu chache za trilioni ya sekunde! Wanaipima kasi hiyo kwa mapigo mafupi ya leza: pigo la kwanza linaiamsha molekuli, la pili linaangalia imefikia wapi. Mbinu za namna hiyo zilimpa Mmisri Ahmed Zewail Nobel ya kemia mwaka 1999.

Wanapima pia besi za kuiga. Weka salfa mahali pa oksijeni, nishati inakwama humo. Weka bromini, mwanga unaweza kuing'oa, molekuli ikavunjika. Atomi moja tu inaharibu kinga yote.

Hata besi za asili hazishindi kila mara. Mara chache mbili zilizo jirani hugandana, na seli isiporekebisha kosa hilo, saratani inaweza kuanzia hapo. Mimi nina melanini nyingi ya kupunguza mwanga kabla haujafika huko ndani. Mwenzangu anayo kidogo mno. Kwa hiyo kila dakika ya kivuli inapunguza idadi ya makosa hayo. Mimi nilidhani anadeka.

Asubuhi nilimwomba radhi. Kwihara tulirudi saa kumi na moja jioni kumalizia picha, na safari hii mimi ndiye niliyesema, "Kaka, tupumzike kwanza hapa mwembeni."

Haya wadau, tuonane wiki ijayo. Mwenye rafiki kama wangu, usimharakishe akiwa kivulini.