Riwaya ya Waamishi Iliyonirudishia Binti Yangu

Hapa Lancaster, Pennsylvania, si ajabu kukuta mikokoteni ya farasi imeegeshwa dukani karibu na magari yetu. Ni ya Waamishi. Kwa miaka tisa niliwaona hivyo tu, kwa nje, mpaka bibi mmoja ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee akanipa riwaya. Ilikuwa The Shunning, yaani Kutengwa, ya Beverly Lewis, iliyotoka mwaka 1997. Akaniambia, "Soma, utalia."

Nikawa naisoma usiku baada ya zamu. Katie Lapp, binti wa Kiamishi, anapenda muziki uliokatazwa, na ameposwa na askofu mjane mwenye watoto. Siku ya harusi anakimbia. Kanisa linamtenga: asile meza moja na wengine, na mtu asipokee kitu mkononi mwake, hata nyumbani kwao.

Hapo nikaweka kitabu chini. Neno kutengwa nalijua tangu utotoni. Mimi ni mtoto wa Wamennonite wa Mara. Kanisa letu lilianzia Shirati mwaka 1934, kwa wamisionari waliotoka hukuhuku Lancaster. Waamishi nao ni ndugu zetu waliojitenga nasi mwaka 1693, na moja ya mambo yaliyogombaniwa lilikuwa hilohilo: aliyetengwa na kanisa, atengwe na mezani pia?

Binti yangu ana miaka 24. Mwaka jana alihamia Philadelphia kuishi na kijana asiye wa imani yetu, bila ndoa. Nilimwambia asije Krismasi. Miezi saba sikumpigia simu, naye hakunipigia.

Nilisoma riwaya nyingine za aina hiyo. Waandishi wake wengi si Waamishi, na mara nyingi mambo huisha vizuri kuliko yanavyoisha duniani. Lakini jambo moja wamelishika: uchumba wa msichana unamhusu baba, askofu na majirani, kama posa ya kwetu inavyohusu ukoo. Ndiyo maana anayeondoka huumiza nyumba nzima.

Jumamosi moja nilimuuliza mama wa Kiamishi ninayenunua mboga kwake: mtoto akiondoka, mnafanyaje? Akasema akiondoka kabla ya kubatizwa hatengwi, kwa sababu hajaahidi kitu. Anakuja nyumbani, anakula.

Nilirudi kwenye gari nikakaa. Kwetu pia ubatizo humngoja mtu aamue mwenyewe, na binti yangu hakuwahi kubatizwa. Hata Waamishi wasingemtenga. Kanisa langu nalo halikumtenga. Niliyemtenga ni mimi, kisha nikasingizia imani.

Nikapiga simu palepale. "Shikamoo, mama," akasema, kwa sauti ya mtu anayengoja kugombezwa. Nikamwambia Jumapili napika ugali na sato. Akanyamaza, kisha akauliza, "Nije naye?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Bado sikubaliani na wanavyoishi, na nilimwambia hivyo. Lakini nikasema, njoo naye.

Walikuja. Kijana alihangaika na miiba ya samaki kwa uma, mpaka mume wangu, ambaye hakuwa amesema neno tangu waingie, akasogeza kiti chake karibu. "Weka hiyo uma chini," akamwambia. "Tumia mkono. Hivi."