Huzuni Haiulizwi Kabila

Mwimbaji Gillian Welch alipotoa albamu yake ya kwanza, Revival, mwaka 1996, baadhi ya wahakiki wa huku Marekani waliipokea kwa shaka. Nyimbo zake zilikuwa na majonzi ya vijijini: yatima, mkulima wa shamba la kukodi aliyefiwa na binti yake. Lakini Welch alikulia Los Angeles na kusomea muziki Boston. Basi huzuni ya milima ya Appalachia ameitoa wapi? Kwa maoni yangu swali hilo lilikwenda kombo, na taarabu yetu inaonyesha lilipopotoka.

Kwenye taarabu, maneno yakichoma, msikilizaji huinuka na noti mkononi, akasogea taratibu hadi kwa mwimbaji, akamtunza mbele ya ukumbi mzima. Huo ni uhakiki. Anayetunzwa si lazima awe ndiye aliyeachwa na mume, na mara nyingi hata maneno hakuyatunga yeye. Kinachopimwa ni iwapo shairi limesukwa vyema, sauti imelibeba, na limemfika mwenye jambo lake. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliimba Kijiti, kisa cha mwanamke aliyeuawa, bila kudaiwa kwanza athibitishe undugu na marehemu.

Wapo watakaosema kwamba swali la wahakiki huwalinda mafukara, shida zao zisigeuzwe bidhaa. Hofu hiyo ina haki yake, lakini jibu lake limo ndani ya wimbo: mkulima yule amepewa utu, au amefanywa pambo? Cheti cha kuzaliwa cha mwimbaji hakijibu hilo. Wengine watasema noti hutolewa pia kwa kujionyesha au kumpiga mtu kijembe. Ni kweli, na zaidi ya hapo, kutunza hakuachi kumbukumbu. Hapa kalamu inatushinda. Katika albamu ya Time (The Revelator) ya mwaka 2001, Welch anaifuata tarehe 14 Aprili: Lincoln kupigwa risasi 1865, Titanic kugonga barafu 1912, dhoruba ya vumbi 1935. Fumbo la namna hiyo linahitaji mtu arudie kusikiliza, kisha aandike.

Nasi tunaweza kuandika: Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad. Tuandike zaidi, ila tusiliache swali la ukumbini: wimbo huu umemfika nani, na kwa ufundi gani?