Tulikwenda Kilwa Kutazama Ndege

Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema tembea ule, wala tembea uchume. Hata hivyo, katika nyumba zetu nyingi safari isiyo ya msiba, harusi, ugonjwa au biashara huhesabiwa kuwa ni upotevu wa nauli. Mzazi akitangaza kuwa anawachukua wanawe kwenda kutazama ndege, na ndege wenyewe si wa kuliwa, majirani huanza kumtazama yeye. Leo napenda nikusimulie safari ya namna hiyo. Haikuwa safari ya ajabu, lakini ilitupa nafasi ya kusema jambo ambalo nyumbani lilikuwa limetushinda.

Sisi twakaa Naipingo, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, mbali na bahari. Tunachokijua sana ni korosho, ufuta, mbaazi na karanga. Samaki wa pwani hutufikia akiwa amekwisha kukaushwa. Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa, korosho zimekwisha kupigwa mnada na malipo ya kwanza yamefika. Binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 13, alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni iliyo mbali na mkoa wetu. Sote tulifurahi. Lakini tangu habari hiyo ifike, mtoto alipunguza maneno. Ukimwuliza ana nini, hujibu, "Sina kitu, Baba," kisha huendelea kuchambua mboga.

Nilipotoa shauri la kwenda Kilwa Kisiwani kwa siku mbili, mama yao aliniuliza, "Baba watoto, ndege hao hawaliki, na godoro la mtoto halijanunuliwa. Mnakwenda kutafuta nini huko?"

Swali lilikuwa la haki. Tulipatana kwamba kwanza vinunuliwe sanduku, godoro, ndoo na sare, na kitakachobaki ndicho kiwe nauli. Kilichobaki kilitosha watu watatu. Mama alibaki kumwuguza bibi yao, akatufungia mihogo ya kuchemsha na karanga za kukaanga. Mdogo wake binti, kijana wa miaka 10, aliagizwa aiache manati nyumbani. Alinuna mpaka nilipompa daftari na kalamu, nikamwambia kuwa yeye ndiye karani wa safari na kila ndege lazima ahesabiwe. Darubini tuliazima kwa rafiki yangu mmoja mwalimu.

MAJI YA BAMVUA

Siku ya Ijumaa tulipita Nanganga, Mtama, Mnazi Mmoja na Lindi. Tukafika Nangurukuru, tukakata kuelekea Kilwa Masoko. Tulilala hapo. Siku niliichagua kwa kuutazama mwezi. Mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ndipo bahari huwa na bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Wakati wa bamvua, katika pwani yetu, maji hufika mwisho wa kupwa yapata saa nne asubuhi, na hujaa tena yapata saa kumi alasiri. Ndege wa ufukoni huishi kwa saa hiyo ya maji. Maji yakipwa hutawanyika kwenye matope na mchanga kutafuta chakula. Yakijaa hujikusanya mahali pakavu wapumzike. Asiyejua maji anaweza kukaa kutwa nzima ufukoni asione ndege ila kwa mbali.

Jumamosi asubuhi mashua ilituvusha. Kisiwa hiki si kigeni kwa waliosoma historia. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 na kuusifu mji wake. Dhahabu ya Sofala ilipitia katika bandari hii. Na magofu yake, Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza, yaliingizwa mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na yale ya Songo Mnara. Tuliyazuru, nami sina haja ya kuyaeleza zaidi, kwani yamekwisha kuandikwa na wajuzi. Linalosahauliwa ni kwamba bahari inayoyazunguka nayo ina heshima yake. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, lenye ukubwa unaokaribia kilometa za mraba 6,000, liliandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa mwaka 1971 wa kuhifadhi ardhioevu. Mikoko, matope, mafungu ya mchanga na ndege wake ni miongoni mwa sababu za kuandikwa huko.

WAGENI WALIOTOKA MBALI

Maji yalipopwa, tulikaa chini ya kivuli cha mikoko, migongo yetu ikielekea jua. Karani wangu alianza kazi. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama mundu, aliandikwa wa kwanza. Kisha yangeyange wa pwani, mmoja mweupe pe na mwingine wa rangi ya makaa, wakivua pamoja. Kijana alikataa kuwaandika katika mstari mmoja, nami nikamweleza kuwa ni wa aina moja, kama watoto wa tumbo moja waliotofautiana rangi. Aliandika, lakini kwa shingo upande.

Mbele yetu, kando kabisa ya maji, walikuwako vitwitwi wengi, wakikimbia na kudona bila kupumzika. Miongoni mwao wamo wenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini. Hawa huzaliwa Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, mahali ambapo barafu huyeyuka kwa muda mfupi tu kila mwaka. Uzito wa mmoja ni kama gramu 60. Kinda lake hutembea na kujitafutia chakula siku ile ile linapoanguliwa. Baba huondoka mapema, kabla watoto hawajakua; mama naye huondoka baadaye; na makinda hubaki nyuma, wakaja kuondoka peke yao. Hivyo basi, yule mdogo uliyemwona Kilwa amevuka nusu ya dunia bila ya mzazi wa kumwongoza.

Zaidi kidogo, kwenye mchanga, lilisimama kundi la ndege weupe wenye migongo myeusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mweusi mnene kama koleo. Huyu ni ndege mla kaa, na wataalamu wamempa ukoo wake peke yake, kwa sababu hana ndugu wa karibu. Kwao ni pwani za Uarabuni, Ghuba na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani, akataga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga humsaidia kulilea. Wengi huanza kufika Afrika Mashariki mwezi Agosti. Hawangojei kaskazi kama yalivyongoja majahazi. Tulihesabu 23.

Kati yao mmoja alikuwa wa kijivu, hajakolea weusi. Alijikunyata mbele ya mkubwa mmoja, akilia kwa sauti nyembamba. Mkubwa alikimbia hatua chache, akachomoa kaa, akampa. Yule alikuwa mtoto wake. Ndege hawa hufanya jambo ambalo ni nadra kwa ndege wa ufukoni: huvuka bahari pamoja na mtoto, na wakifika huku huendelea kumlisha kwa miezi kadhaa, kwani kumkamata kaa bila kubanwa na magando yake ni ufundi unaotaka muda.

SWALI LA BINTI YANGU

Binti yangu aliishika darubini kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Baba, na wale wadogo, nani aliwaonyesha njia?"

Nikamjibu, "Hakuna. Wamezaliwa nayo."

Akanyamaza. Halafu akasema, bila ya kuitoa darubini machoni, "Mimi sikuzaliwa nayo."

Ndugu msomaji, neno hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta tangu habari ya shule ilipofika. Nyumbani nilimwuliza mara nyingi ana kwa ana, naye hakupata pa kulitolea. Pale ufukoni hatukuwa tukitazamana. Sote tulikuwa tukitazama ndege, na ulimi wake ukafunguka. Alieleza kuwa anaogopa kulala mahali asipomjua mtu, na anaogopa zaidi kwamba tukimzoea kutokuwapo, hata nafasi yake nyumbani itajaa mambo mengine.

Sikumwambia kuwa asiogope, maana woga haufukuzwi kwa amri. Nilimwonyesha yule kinda wa kijivu. Wakati huo mzazi wake alikuwa amempa mgongo. Kinda lilihangaika, likadona mchangani, likamnyanyua kaa mdogo, likamwangusha, likamnyanyua tena. Tulimtazama mpaka alipommeza. Mkubwa hakuwa ameruka kwenda zake. Alikuwa hatua chache tu.

Nikamwambia, "Shule ndiyo itakayokufundisha kumshika kaa. Sisi tutakuwa pale pale tulipo. Likizo ikifika, utatukuta."

"Na kitanda changu?" akauliza.

"Hakilaliwi na mtu."

Mdogo wake, ambaye nilidhani hasikii, alidakia kuwa yeye alikuwa na mipango na kitanda hicho. Dada yake akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Alasiri maji yalipojaa, ndege wote walijibana kwenye kipande kidogo cha mchanga. Kijana alitaka kuwakimbilia ili awaone wakiruka. Nahodha wetu, mzee wa makamo, alimzuia kwa upole: "Mwanangu, wale wamechoka. Hawana pengine pa kukaa mpaka maji yapwe." Nahodha alisema kweli. Ndege anayefukuzwa fukuzwa wakati wa kupumzika hupoteza mafuta aliyoyaweka mwilini, na mafuta hayo ndiyo nauli yake ya kurudi kwao mwezi Aprili.

WAZAZI WENZANGU

Sikuyaandika haya ili kila mtu afunge safari ya Kilwa. Anayeweza na aende, lakini aangalie mwezi na maji kwanza. Avae nguo zisizong'aa. Akae mahali pamoja. Asiwasogelee ndege waliopumzika. Asiguse yai wala kiota. Na asikate hata tawi la mkoko. Asiyeweza ana ndege mlangoni pake. Mvua zikianza, mbayuwayu kutoka Ulaya huja huku kwetu bara. Kozi wadogo wanaozaliwa mashariki ya mbali, kando ya mto Amur, huvuka Bahari ya Hindi na kupita Afrika Mashariki wakielekea kusini. Hakuna anayewadai nauli ya kuwatazama.

Jambo moja ndilo ninalokuachia. Mtoto mwenye mzigo moyoni mara nyingi hawezi kuutua akiwa amekalishwa kitako na kuhojiwa kama shahidi. Mpe kitu cha kutazama pamoja nawe, kisicho na faida ya kugombaniwa, kisha nyamaza. Ikiwa ni ndege, ni vyema. Ikiwa ni siafu wanaovuka njia, pia yafaa. Binti yangu alikwenda shuleni. Barua yake ya kwanza haikutaja ndege hata mmoja. Iliomba sabuni, sukari na viatu vya michezo. Lakini alituandikia kurasa nne, naye ndiye yule aliyekuwa akijibu kwa maneno matatu.

Basi Jumapili hii, kabla jua halijawa kali, wachukue watoto wako mtoke nje mkakae chini ya mkorosho. Manati ibaki ndani.